Doa la Zambarau na Mguu Mfupi wa Meza

Uliliona. Usinigeuzie uso sasa, uliliona. Ulipita karibu na ile meza, ukaweka kiwiko, ikacheza chini ya mkono wako, ukaondoa kiwiko ukaenda zako. Uliwasikia wakisema dobi ndiye aliyeichafua, ukajiambia, "Hayanihusu," ukaongeza mwendo. Watu wa namna yako ni wengi, na wengine ni watu wazuri kabisa, wanaosalimia na kuulizia hali za watoto. Ila wapo wenye kumbukumbu ndefu, nao hawasahau nani alisimama wapi siku mwenzake aliposingiziwa. Basi kaa hapo, usikie jinsi mwanamke mmoja mwenye kioo cha kukuzia alivyoitwa kufanya kazi ambayo wewe ungeimaliza kwa sentensi moja.

Jina lake halisi lilikuwa limekwisha kusahaulika. Watu walimwita Lenzi, kwa ajili ya kile kioo alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliwahi kuwa askari mpelelezi, akaacha kazi, akisema amechoka kutafuta ukweli kisha kuambiwa aurudishe alikoutoa. Sasa alipeleleza kesi za mtaani: kuku waliobadili banda, wachumba wenye wake wasiotajwa, na leo doa.

"Doa tu?" aliuliza alipofuatwa nyumbani.

"Doa tu, lakini linamfukuzisha mtu," alijibu mshonaji, mwanamke mwenye sindano tatu zilizochomekwa kifuani kama nishani. "Jioni hii wanakaa kikao. Wakimaliza, wifi yangu anatolewa na ndoo zake. Nakuomba bibie, njoo."

"Kumbe mnapendana na wifi yako?"

"Tupendane wapi! Yule alimchukua kaka yangu, akamlisha uji mzito mpaka akafa kwa uzee. Lakini mwenye haki ya kumtukana ni mimi. Watu baki hapana."

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la zamani, refu, lenye madirisha ya juu. Ndani mafundi walikuwa wamegawana nafasi. Mlangoni alikaa fundi saa, ambaye ndiye mwenyekiti wa umoja wao na mtunza muhuri wake. Katikati alikuwa mshonaji, na ubavuni kwake mpiga chapa wa kadi za harusi, kijana wa maneno mengi aliyeitwa Herufi. Mwisho kabisa, penye bomba la maji, alikuwa dobi. Huyo walimwita Mama Pasi.

Na kati yao wote ilikaa meza. Ilikuwa ya msonobari, nyeupe kama ndani ya muwa, ndefu kiasi cha kukalia umoja mzima. Aliitengeneza marehemu seremala, mume wa Mama Pasi, mwaka ule paa lilipoezuliwa na upepo na watu wote wakatawanyika. Nani alirudi kwanza kupigilia mabati? Yeye. Na mabaki ya mbao za paa akayafanya meza, akasema umoja usio na meza ni kundi la watu waliosimama. Hakuipaka vanishi. Aliisugua kwa msasa, akaipa mafuta, basi. Alisema mbao ipumue.

Mbao inayopumua hunywa pia. Ndiyo maana mwenyekiti akatunga sheria, akaitangaza kwa sauti: pasiwekwe wino wala chai juu ya meza bila kutandika, na atakayeichafua atoke na vyombo vyake. Watu walipiga makofi. Sheria kali hupigiwa makofi na kila anayedhani itampata mwingine.

Sasa doa lilikuwepo, upande wa bomba, mbele kabisa ya mahali anapokaa Mama Pasi.

Lenzi hakuligusa. Aliinama mpaka pua ikakaribia mbao, akavuta hewa, akatabasamu.

"Unanusa nini?" aliuliza Herufi, aliyekwisha kuacha mashine yake.

"Kinywa cha mtu aliyeamka vizuri. Ninyi mnasema ni nini hiki?"

"Buluu!" alisema Herufi. "Buluu ya kufulia. Tazama rangi. Na nani hapa ana buluu?"

Wote wakatazama rafu ya Mama Pasi, palipokuwa na kopo la buluu, ile ya unga inayotiwa kwenye maji ili mashuka meupe yazidi weupe. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi, hakuinua kichwa.

"Sogea basi mezani, mama," Lenzi alimwita.

"Nimekatazwa kuikaribia mpaka kikao," alijibu. "Meza ya mume wangu. Nimeifuta kila asubuhi tangu azikwe. Sasa naitazama kutoka hapa, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa."

Alisema hivyo bila kulia. Pasi ilipita juu ya kola, shaa.

Lenzi alifungua mkoba wake. Akatoa pamba, chupa ya spiriti, ndimu, kijifuko cha chumvi na kipande cha msasa laini kabisa, ule wa kusugulia mwisho.

"Umekuja kupeleleza au kufanya usafi?" aliuliza mshonaji.

"Doa ni shahidi, bibie. Ukimkandamiza huficha. Ukimvua nguo mojamoja, anasema. Herufi, niletee buluu ya mama, chembe tu, na ubao wowote wa kutupa."

Alilowesha chembe za buluu juu ya kipande cha mbao alicholetewa, akaacha zikauke penye jua la dirishani. Kisha akaweka tone la spiriti kwenye pamba na kuigusisha pale. Hakusugua. Aligusa tu, akainua. Pamba ilitoka na vumbi la samawati, na buluu iliyobaki ikakaa vilevile juu ya mbao, haikuyeyuka wala kuzama.

Halafu akachukua pamba nyingine, akagusa ukingo wa doa la mezani.

Pamba ikanywa rangi kama mtoto anayenyonya. Zambarau. Zambarau iliyoiva.

"Hiyo si buluu," alisema Herufi polepole.

"Buluu hulala juu ya mbao. Wino huingia ndani. Huu ni wino." Lenzi alimtazama. "Nani hapa ana wino?"

Kijana akarudi hatua nyuma hadi mgongo wake ukagonga mashine. "Wa kwangu mweusi! Na dhahabu, kwa majina ya maharusi. Zambarau nani ataolewa nayo?"

"Onyesha mikono."

Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Lenzi alipitisha kioo kwenye kucha zake moja moja, wakati mshonaji akicheka na kumwambia, "Leo umepatikana, mwongo mkubwa, tulikuwa tunakusubiri." Hapakuwa na zambarau hata punje. Lenzi akamwachia.

Aliendelea na doa. Alianzia pembeni akielekea katikati, ili lisitanuke, na kila pamba ikichafuka aliitupa akachukua mpya. Rangi ya juu ilipopungua, kioo kilianza kumwonyesha mambo mawili. La kwanza, katika vinyweleo vya mbao palikuwa na kitu cheupe kilichoganda, na hapo ndipo ilipotoka ile harufu aliyoinusa mwanzo, harufu ya mnanaa. La pili, juu ya mbao palikuwa na mikwaruzo midogo sana, ya mviringo, duara juu ya duara, ikikata nyuzi za mbao.

Akasimama akanyoosha mgongo, akasema kwa uchangamfu, kama anayeomba ushauri wa mapishi:

"Jamani, mnisaidie. Doa la wino kwenye mbao nyeupe kama hii, ninyi mngelitoaje?"

Basi swali la namna hiyo likiulizwa, hakuna anayekubali kuwa hajui. Mshonaji alisema maziwa. Alimwona shangazi yake akitoa wino kwenye sare ya shule kwa maziwa.

"Mbao si sare," alisema Lenzi. "Ingenuka wiki nzima."

Mama Pasi alisema kutoka kwenye pasi yake kuwa angetia dawa ya kung'arishia mashuka, tone moja. Lenzi alitikisa kichwa: hapo pangebaki jicho jeupe kama la kipofu. Herufi alitaja mafuta ya taa, akaambiwa na watu wote kwa pamoja anyamaze.

Wakati huo mwenyekiti aliingia kutoka nje. Alikuwa mtu nadhifu mwenye kioo cha fundi saa kilichosukumwa juu ya paji la uso, na alitembea akiwa ameshika kiuno.

"Pole, mwenyekiti," alisema Lenzi. "Mgongo?"

"Baridi tu, Dada Lenzi. Tangu juzi asubuhi. Uzee haubishi hodi." Akaitazama pamba, kisha akaitazama dari. "Mnazungumza nini?"

"Jinsi ya kutoa wino kwenye mbao."

"Ah, hiyo rahisi." Maskini, alikuwa fundi, na fundi akiulizwa kazi hawezi kujizuia. "Dawa ya meno. Ile nyeupe, si ya rangi. Unaweka kidogo kwenye kitambaa laini, unasugua kwa kuzungusha, polepole, duara dogo, duara dogo. Vioo vya saa vilivyokwaruzika natoa hivyo kila siku, vinang'aa kama..."

Alikoma.

"Vinang'aa kama nini?" aliuliza Lenzi kwa upole.

"Kama vipya," alimaliza mwenyekiti. "Lakini nasema tu. Kila mtu ana dawa ya meno nyumbani."

"Ni kweli," alisema Lenzi. "Hata mimi ninayo." Na akarudi kwenye kazi yake kana kwamba hakusikia lolote. Mshonaji alifungua mdomo, akakanyagwa mguu.

Lakini jambo moja halikukaa sawa. Doa lilikuwa mbele ya kiti cha Mama Pasi, kwenye kona ya bomba. Mwenyekiti hukaa upande wa pili, kona ya mlangoni. Mtu amwage wino wake mwenyewe mbele ya kiti cha mwingine, kwa nini? Lenzi aliegemea meza afikiri, na meza ikacheza, mguu ukigonga sakafu: Taka. Akaegemea tena. Taka.

"Hii meza huwa inacheza?"

Mshonaji akatafuta uzi ambao haukupotea. Herufi akajikuna shingo. Unawajua, wewe. Ulisimama nao.

Lenzi alipiga magoti akaingia chini ya meza, viatu vikabaki nje. Chini ya mguu mmoja, kwenye kona ya mlangoni, alikuta karatasi ngumu iliyokunjwa. Aliichomoa: kipande cha kadi ya harusi, chenye ukingo wa dhahabu. Akavua kamba ya kiatu shingoni, akapima mguu ule, akapima mwingine. Mguu wa kona ya mlangoni ulikuwa mfupi kuliko wenzake, kwa upana wa kidole.

"Mshonaji!" aliita kutoka chini. "Kaka yako alikuwa anakosea vipimo?"

"Kaka yangu?" Mshonaji aliinama, macho yakiwaka. "Kaka yangu angekata kidole chake kwanza kabla ya kukata mguu wa meza vibaya! Aliufupisha ule mguu kwa sababu ya sakafu. Pale kwenye bomba walipozibua mfereji wakamwaga saruji, pakainuka kama kichuguu. Akasema, sakafu haibadiliki, basi nibadili meza. Akapunguza mguu mmoja ukae juu ya ile saruji. Meza hiyo haikuwahi kucheza hata siku..."

Akatazama kona ya bomba, penye kile kichuguu cha saruji. Juu yake ulisimama mguu mrefu. Mguu mfupi ulikuwa mlangoni, ukining'inia hewani.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema mshonaji taratibu.

"Na mguu huu pia," alisema Lenzi. "Iteni kikao."

Kikao kilikaa, jua likiwa bado limejaa madirishani. Lenzi aliomba Mama Pasi aletwe mezani. Mwenyekiti alisema sheria hairuhusu. Lenzi akasema basi sheria ikae kimya kidogo, nayo imekuwa ikisema sana. Kisha akajaza glasi maji mpaka ukingoni, akaiweka katikati ya meza.

"Mwenyekiti, naomba uegemee upande wako."

"Mgongo wangu..."

"Kidogo tu."

Aliegemea. Taka. Maji yakamwagika, yakakimbia juu ya msonobari, na Mama Pasi, bila kufikiri, akayakausha kwa ncha ya kanga yake. Alifuata nyuzi za mbao, kwa urefu, mkono ukienda na kurudi kwenye mstari mmoja. Kila asubuhi alifuta hivyo. Lenzi aliwaonyesha mkono ule, kisha akawapa kioo waione ile mikwaruzo ya duara, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa tusaidiane kuigeuza. Mwisho huu uende kule."

Waliinyanyua wote, ilikuwa nzito. Mwenyekiti hakunyanyua, alishika kiuno. Walipoishusha, mguu mfupi ulikaa juu ya kichuguu cha saruji kama kisigino kinachorudi kiatuni. Lenzi akajaza glasi tena mpaka ukingoni. Herufi akaegemea kwa nguvu zake zote. Mshonaji akaikalia kabisa. Maji hayakutikisika.

Na lile doa sasa lilikuwa upande wa mlangoni, mbele ya kiti cha mwenyekiti.

Lenzi aliminya ndimu juu yake, akanyunyiza chumvi, akaacha kidogo, akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Kivuli cha juu kiliondoka. Chini yake palitokea mstari ulionyooka, na pembe, na mstari mwingine: alama ya kibati cha mraba, palipovuja wino kuzunguka kingo zake.

"Mwenyekiti, ile sifongo ya kuchovyea muhuri wa umoja unaiweka kwenye nini?"

Mshonaji alikwisha kuvuta droo ya mwenyekiti na kutoa kibati chenye sifongo. Akakiweka juu ya alama. Pembe ikaingia kwenye pembe. Kilikuwa kimejazwa wino upya, wa zambarau, ukitiririka pembeni.

Mwenyekiti aliketi polepole. Akaonekana mdogo, kama saa iliyotolewa kwenye kasha lake.

"Sikutandika," alisema. "Sheria yangu mwenyewe, na sikutandika. Niliongeza wino kwenye sifongo, simu ikalia, niliporudi umezama. Nikasugua kadiri ninavyojua kusugua. Likapanuka. Nikasema nitaigeuza meza tu, liende upande wa bomba, maji yatalifuta taratibu. Nikaiburuta peke yangu, mgongo ukakatika. Sikumtaja mtu, jamani, mnisikilize. Ninyi ndio mliosema buluu."

"Na wewe ukaitisha kikao cha kumfukuza," alisema mshonaji.

"Niliona haya."

"Haya yako ukamvisha mwenzako! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako..."

"Na nguo nafua mimi," alisema Mama Pasi, "kwa hiyo acheni niseme."

Wakacheka, hata mwenyekiti, kicheko cha mtu anayeguswa kidonda na daktari anayempenda. Mama Pasi hakucheka. Alichukua ile kadi ya dhahabu iliyokunjwa, akaiweka mezani.

"Huyu aliogopa. Sawa. Atatunza sifongo yake kwenye beseni kama mtoto mchanga, na uenyekiti atauacha leo. Mimi nauliza lingine. Kadi hii nani aliiweka?"

Herufi aliinua mkono mweusi. "Mimi, mama. Ilikuwa inacheza, inanikera nikikata kadi."

"Hukushangaa? Meza ya mume wangu, icheze?"

"Nilishangaa. Nikasema labda sakafu imeshuka."

"Na wewe, wifi?"

Mshonaji, mwenye maneno ya kutosha mtaa mzima, aliangalia sindano zake. "Niliiona inacheza. Nikadhani uchungu wangu tu."

"Mlijua wote," alisema Mama Pasi. "Mikono yenu ilijua. Mkatafuta kadi mkaizibia."

Kisha Mama Pasi akavuta kiti chake, kile cha kona ya bomba, akakaa. Lenzi alimkabidhi msasa. Alisugua mahali pa doa kwa urefu wa nyuzi, polepole, mpaka weupe wa muwa ukarudi. Herufi akaleta mafuta. Aliyekuwa mwenyekiti akaomba apewe kitambaa naye apake, akaonyeshwa: kwa urefu, mzee, usizungushe, hii si saa. Akapaka kwa urefu. Kivuli chembamba cha zambarau kilibaki kwenye pembe, na Mama Pasi akakataza kisiondolewe.

Lenzi alifunga mkoba. "Kadi hii mnaitaka?"

"Mpe mwenye kuihitaji," alisema Mama Pasi.

Basi chukua, ni yako. Kwako pia ipo meza inayocheza, kazini au kwa ndugu zako, na yupo mtu anayeitazama kutoka pembeni kwa sababu ya doa lisilo lake. Unajua, kiwiko chako kinajua. Usisubiri apatikane mwenye kioo shingoni. Kikao chao ni leo. Weka chini kitabu hiki, nenda, piga magoti mbele ya watu wote, chomoa hiyo karatasi uliyoikunja, na useme kwa sauti: inacheza.